Usiniulize kimbunga ni namba ngapi

Kila mwaka ikishafika mwezi wa nane mama yangu ananipigia simu kutoka Tanga, tukimaliza tu shikamoo na habari za watoto anauliza, "mwanangu, hicho kimbunga nimekiona kwenye taarifa ya habari, ni namba ngapi?" Anamaanisha kategoria, yaani daraja la kimbunga, moja mpaka tano. Na wala siyo mama peke yake, wajomba wanauliza hivohivo, mashoga zangu niliosoma nao wanauliza hivohivo, hata kwenye grupu letu la Watanzania wa Texas mtu akiposti ramani swali la kwanza ni hilo. Ikiwa namba nne watu wanahaha, ikiwa namba moja au haina namba kabisa mtu anashusha pumzi anasema aah, afadhali. Hilo neno afadhali linanichoma kila nikilisikia, manake mimi nilikuwepo Houston 2017 kimbunga Harvey kilipokuja, na usiku ule maji yanaingia ndani kwangu Harvey haikuwa na namba yoyote. Ilikuwa imeshushwa cheo mchana wake, ikawa inaitwa dhoruba tu.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu safari yake inatuhusu kuliko watu wanavyodhani. Vimbunga vikubwa vya Atlantiki vingi mbegu yake inatoka Afrika. Kuna mkondo wa upepo unavuma juu ya Sahel kutoka mashariki kwenda magharibi, kati ya joto kavu la Sahara na unyevu wa ukanda wa Guinea, na huo mkondo unajikunja mawimbi mawimbi, mengi yanaanza kujikunja huko Sudan na Chad, chini ya milima ya Ethiopia, yaani siyo mbali hivo na kwetu. Yanatembea siku kadhaa yakiwamwagia mvua wakulima wa Sahel halafu yanatokea baharini upande wa pili. Mengi yanafia hukohuko. Wimbi lililozaa Harvey lilitoka pwani ya Afrika Magharibi tarehe 12 Agosti 2017, tarehe 17 likapewa jina, tarehe 18 likapita Barbados na St. Vincent, halafu lilipoingia Karibi likavurugwa na pepo za juu mpaka tarehe 19 wataalamu wakasema basi, hii siyo dhoruba tena. Mimi wiki hiyo nilikuwa nahangaika na madaftari ya watoto, shule za Houston zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 28.

Mabaki yakavuka rasi ya Yucatán kule Meksiko tarehe 22 yakatumbukia Ghuba ya Meksiko, na maji ya ghuba mwezi wa nane ni kama ya kuoga, nyuzi 30. Kuanzia asubuhi ya tarehe 23 mpaka usiku wa tarehe 25 yale mawingu yaliyokuwa yametawanyika yakajikusanya yakawa kategoria 4. Siku mbili na nusu! Ijumaa saa nne usiku jicho, yaani kitovu cha kimbunga, likapiga kisiwa cha San José karibu na mji wa Rockport, upepo kilomita 215 kwa saa, na Texas ilikuwa haijapigwa na namba nne tangu kimbunga Carla cha 1961. Rockport, Fulton na Port Aransas ziliumia vibaya sana, mapaa yalichomolewa, boti zikaachwa zimelala kando ya barabara, na watu wa kule sipunguzi machungu yao hata kidogo. Wale walipigwa na upepo kweli.

Ila Rockport na Houston ni kama kilomita 250. Jumamosi asubuhi tuliamka sisi tuko salama, kumenyesha kiasi, mchana hata jua likachungulia, watu wakatoka kwenda supamaketi kununua vilivyobaki, na kwenye simu taarifa ikaingia kwamba Harvey imepungua nguvu, sasa ni dhoruba ya kitropiki. Nakumbuka mume wangu alisema, si unaona, imeisha hiyo. Usiku huo ndo kulikuwa na pambano la Mayweather na McGregor, jamaa zake wawili wakaja nyumbani kuangalia ngumi, mmoja kaja na kuku wa kuchoma. Mimi nikavaa sare yangu nikaenda kazini, shifti ya saa moja usiku mpaka saa moja asubuhi, nafanya kwenye nyumba ya kutunza wazee. Wale jamaa wa ngumi walikwama pale siku nne, na mimi nilirudi nyumbani Jumatano.

Kilichotokea ni kwamba Harvey ilisimama. Kimbunga hakijiendeshi, kinasukumwa na pepo kubwa za juu kama jahazi linavyosukumwa, sasa ilijikuta katikati ya migandamizo miwili mikubwa ya hewa, mmoja huku mwingine huku, hamna wa kuisukuma mbele hamna wa kuirudisha, ikawa inazungukazunguka palepale kusini mwa Texas, mguu mmoja nchi kavu mwingine baharini. Na huo mguu wa baharini ndo ulikuwa unanyonya maji ya moto ya ghuba na kuyaleta juu yetu, mkanda wa mvua mmoja baada ya mwingine, unapita unafuatwa na mwenzie kwenye mstari uleule kama mabehewa ya treni. Jumamosi saa tatu nne usiku ikaanza, na haikuwa mvua ya radi ya nusu saa ile tuliyoizoea hapa. Ilikuwa mvua inayomwagwa, haina matone, na haichoki.

Houston ni tambarare kama sahani. Iko juu ya udongo wa mfinyanzi ambao ukishashiba haupokei tena, na sehemu kubwa ya mbuga za majani zilizokuwa zinakunywa maji zimegeuzwa mitaa, paking na fraiwei. Maji yanategemea vijito wanavyoviita bayou, vinavyopita katikati ya makazi ya watu kwenda baharini polepole, sisi tulikuwa tunakaa karibu na Brays Bayou. Mji wenyewe unajua. Brays ilishafurika mwezi wa tano 2015, mwezi wa nne 2016 mji ukafurika tena, wakasema haya ni mafuriko ya miaka 500, watu wengi wakaelewa kwamba basi tumemalizana nayo mpaka wajukuu wa wajukuu. Siyo hivo, maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 500, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya, na hizo hesabu zenyewe zilipigwa wakati mji haujajengwa hivi na ghuba haijapata joto hivi. Harvey ikawa ya tatu ndani ya miaka mitatu.

Saa nane usiku mume wangu kapiga simu. Nilikuwa nambadilisha bibi mmoja shuka, nikaweka simu begani. Akasema, "mama watoto, kuna maji kwenye kapeti." Nikamuuliza bomba limepasuka? Kanyamaza kidogo kasema hapana, yanatokea mlangoni, na yanatokea chooni pia, yanarudi kwa juu. Tulikuwa tunakaa chini kabisa. Hapo nikasikia mtu anagonga mlango kwa nguvu na sauti ya mama wa Kikongo anayekaa juu yetu, mtu wa Bukavu, anaita kwa Kiswahili chao, "baba, leta batoto huku juu, mayi inapanda!" Yule mama tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi. Alichukua wanangu wawili, mume wangu, na wale jamaa wa ngumi, kwenye vyumba viwili ambavyo tayari vilikuwa na watu saba, na akawapikia fufu na sombe mpaka unga ulipoisha. Mpaka leo watoto wangu wanamwita bibi, na mimi namwita mama mkubwa, na hakuna mtu kwenye ukoo wangu anayeshangaa.

Mimi nisingeweza kutoka. Wenzangu wa asubuhi walikuwa hawawezi kufika, barabara zimekuwa mito, na wazee thelathini na kitu wanahitaji kugeuzwa, kulishwa, kupewa dawa. Tulibaki wanne tukawa tunalala kwa zamu kwenye viti. Saa kumi maji yakaanza kulamba mlango wa mbele, tukakunja mashuka na mataulo tukaziba chini ya milango, halafu tukaanza kuwapandisha wazee wa chini kwenda juu kabla lifti haijazimwa, mmoja mmoja, na kila mmoja na mtungi wake wa oksijeni na mto wake na picha zake, manake mzee ukimhamisha bila picha zake anachanganyikiwa. Kuna bibi mmoja alikuwa binti mdogo wakati wa Carla, akawa ananishika mkono ananiambia baba yake alipigilia mbao madirishani. Ananiuliza mbao zimepigiliwa? Nikamwambia ndiyo bibi, zimepigiliwa. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa pazia.

Watu waliuliza sana baadaye kwa nini meya hakuamuru mji uhame. Mimi sitamhukumu, kwa sababu ya kimbunga Rita. Mwaka 2005, wiki chache tu baada ya kimbunga Katrina, Houston iliambiwa ihame kumkimbia Rita, mamilioni wakaingia barabarani kwa pamoja, foleni ya saa ishirini, joto, magari yanaishiwa mafuta, na watu kama mia walikufa kwenye kule kuhama. Basi moja lililobeba wazee kutoka nyumba kama hii ninayofanya kazi lilishika moto karibu na Dallas, wazee 23 wakateketea. Kazini kwetu hiyo stori kila mtu anaijua. Kwa hiyo supavaiza aliposema tunabaki, hakuna aliyebisha.

Jumapili asubuhi ndo ile picha ikaanza kuzunguka, nadhani wengi mliiona: nyumba ya wazee huko Dickinson, kusini mashariki mwa Houston, kina bibi wamekaa kwenye viti vyao, maji ya rangi ya chai yamewafika kiunoni, vitu vinaelea. Watu mitandaoni walisema ni feki. Mimi niliiangalia ile picha kwa macho ya mtu wa kazi hiyo, nikaona yule bibi ana oksijeni, nikalia kwenye korido. Waliokolewa siku hiyohiyo, alhamdulillah. Ila nilivyorudi chumbani nilienda moja kwa moja kuangalia mlango wetu, yale mataulo, na maji yalikuwa bado sentimita chache kuvuka kizingiti. Yalisimama hapohapo. Sijui nilimwahidi Mungu mangapi siku ile.

Wengine hawakupata hizo sentimita. Siku hiyo ya Jumapili familia moja, babu na bibi na vitukuu wao wanne, walikuwa wanakimbia mafuriko kwa gari la van, likasombwa likaingia Greens Bayou, aliyekuwa anaendesha alitoka dirishani, wale sita hawakutoka. Askari polisi mzoefu wa miaka zaidi ya 30 alizama ndani ya gari lake chini ya daraja la fraiwei, alikuwa anajaribu kufika kazini. Huku kuna usemi wanaufundisha watoto shuleni, geuka usizame, na ni kweli kabisa, gari dogo linahitaji maji ya futi moja hivi tu kuanza kuelea, lakini usiku, na mvua inamwagika hivo, huwezi kuona kama mbele yako ni lami au ni mto.

Ripoti ya kituo cha taifa cha vimbunga ilikuja kuhesabu vifo 68 vya moja kwa moja hapa Texas, na vyote isipokuwa vitatu vilitokana na mafuriko ya mvua. Zaidi ya nusu vilikuwa hapa Harris County, wilaya yetu ya Houston, mahali ambapo kimbunga chenyewe, jicho na upepo wa kilomita 215, havikufika. Narudia hiyo kwa sababu hapo ndipo ugomvi wangu na ile namba ulipo. Ile skeli ya moja mpaka tano inaitwa Saffir-Simpson, ilitengenezwa na injinia Herbert Saffir na mtaalamu wa hali ya hewa Robert Simpson, inapima upepo, basi. Haikuambii mvua kiasi gani, haikuambii kinatembea au kimesimama, haikuambii unakaa bondeni au mlimani. Ni kama kumpima mgonjwa homa tu halafu unamwambia nenda nyumbani.

Na mvua yenyewe nisikilize vizuri. Nederland, mji mdogo upande wa Beaumont, walipima milimita 1,539, ambayo ni rekodi ya Marekani kwa mvua ya kimbunga kimoja. Dar es Salaam kwa mwaka mzima, masika na vuli, inapata kama milimita 1,100. Hao walipata zaidi ya hapo ndani ya wiki. Sehemu nyingi za Houston zilipata karibu mita nzima. Idara ya hali ya hewa ilibidi iongeze rangi mpya kwenye ramani zake za mvua kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimeishia, na wanasayansi waliokuwa wanasoma vipimo vya GPS waliona ardhi ya Houston imeshuka kama sentimita mbili kwa uzito wa yale maji. Ardhi yenyewe ilibonyea.

Halafu usiku wa kuamkia Jumatatu ikaja habari ya mabwawa. Magharibi mwa mji kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yalijengwa na jeshi miaka ya 1940 baada ya mafuriko ya 1929 na 1935 kuharibu katikati ya mji. Siku za kawaida hayana maji, ni mapori, watu wanakimbia mazoezi humo. Sasa yalijaa kwa kasi mpaka wakaogopa, wakaanza kufungulia maji kwenda Buffalo Bayou huku mvua bado inanyesha. Nyumba za chini ya bwawa ambazo zilikuwa zimenusurika mvua zikaingiliwa na maji ya kufunguliwa. Na juu ya bwawa, nyuma yake, kulikuwa na mitaa mizima imejengwa ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa linatakiwa kulalia, serikali haikununua ardhi yote hiyo zamani, wajenzi wakajenga, watu wakanunua na wengi hawakujua wanalala ndani ya bwawa. Nina dada mmoja wa Nairobi, nesi, alinunua nyumba huko miezi tisa tu kabla. Mahakama ilikuja kusema 2019 kwamba serikali inawajibika kwa wale wa juu ya bwawa, ila hukumu haikaushi ukuta.

Jumanne tarehe 29 mvua ikaanza kukatika, Jumatano tukaamka na jua kali kabisa, la kuudhi. Harvey ilikuwa imerudi baharini ikazunguka ikapanda nchi kavu tena Louisiana, karibu na Cameron, na njiani ikawazamisha Port Arthur na Beaumont, Beaumont mpaka pampu za maji za mji zikafa, watu wamezungukwa na maji na hawana ya kunywa. Alhamisi kiwanda cha kemikali huko Crosby kikaanza kulipuka kwa sababu umeme ulikatika na kemikali zake zinatakiwa zikae baridi. Kila siku jambo jipya.

Jumatano hiyo mwenzangu mmoja alinirudisha na pikapu mpaka maji yalipoanza, nikatembea. Maji ya magoti, ya rangi ya chai ya maziwa, yananuka petroli na choo. Kuna kitu niliona hapo sijawahi kukisahau. Nilidhani ni mfuko wa taka unaelea, mwekundu mwekundu, kama sinia. Nikausogelea, kumbe ni sisimizi, wale wekundu wa huku wanaochoma kama moto, maelfu kwa maelfu wameshikana miguu wametengeneza jahazi, wa chini wanakuwa ndani ya maji halafu wanapokezana, na katikati wameweka malkia na mayai. Linaelea taratibu kati ya magari yaliyozama. Nilisimama nikaliangalia mpaka likapita, nikiwaza watoto wangu kule juu kwa mama mkubwa.

Ndani kwangu maji yalikuwa yameshashuka yakaacha mstari ukutani, umenyooka kama mtu kapiga na rula, juu kidogo ya soketi za umeme. Kiroba cha mchele cha kilo ishirini kilivimba kikapasuka, mchele umetapakaa chumba kizima na umeanza kuchacha. Mabegi mapya ya shule nilikuwa nimeyapanga mlangoni tayari kwa Jumatatu, moja nililikuta jikoni. Kanga zangu alizonipa mama nilipokuwa naondoka zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Nilizifua mara sita, mbili zikakubali.

Nyumba za hapa kuta siyo tofali, ni bodi za jipsamu, ndani kuna sufi ya pinki, zikinywa maji zinayapandisha kama utambi wa taa, kesho yake uvundo, wiki ijayo ukungu mweusi. Kwa hiyo kila mtu ilibidi akate ukuta wake mpaka kifuani autoe nje. Ukipita mtaani ni vilima vya magodoro, makochi, majokofu yamefungwa gundi yasifunguke, midoli, albamu za harusi, urefu wa mtu, pande zote mbili, kilomita kwa kilomita. Hiyo harufu ukiwahi kuisikia unaitambua popote. Wenye apatimenti yetu wao tarehe moja walibandika karatasi mlangoni kukumbusha kodi ya mwezi wa tisa.

Na tarehe moja hiyohiyo ilikuwa Idi kubwa. Misikiti kadhaa ya Houston ilikuwa imefunguliwa watu walale, Waislamu na wasio Waislamu, na sisi tuliswali Idi asubuhi pembeni ya magodoro ya watu waliokuwa bado wamelala, imamu kapunguza sauti ya spika. Mume wangu kavaa kanzu ya kuazima. Mama mkubwa, ambaye ni Mpentekoste wa kukesha kanisani, alikuja na sufuria ya wali.

Baada ya hapo ni fomu. Watu wengi, sisi tukiwemo, tulijua tuna bima, kumbe bima ya kawaida ya nyumba au ya vitu haigusi mafuriko, ya mafuriko inanunuliwa peke yake na inachukua siku 30 kuanza kazi. Nyumba zaidi ya laki tatu ziliingia maji na wengi hawakuwa nayo, kwa sababu ramani zilikuwa zinawaambia hawako bondeni. Hasara yote ilihesabiwa dola bilioni 125, sawa na Katrina. Nilikaa wiki tatu kwenye meza ya jikoni ya mama mkubwa nikiwajazia Wakongo na Warundi fomu za FEMA, shirika la serikali la maafa, kwenye simu yangu, kila mtu na namba yake ya tarakimu tisa nimeiandika kwenye daftari la mwanangu. Baba mmoja wa Uvira nilivyomuuliza, "ulipoteza nini?" akaniuliza, "nianzie mwaka gani?" Nikaweka kalamu chini. Yule alishakimbia nyumba mara tatu kabla ya hiyo.

Wanasayansi waliochunguza walikadiria mvua ya Harvey iliongezewa kama asilimia 15 na joto la dunia, hewa ikipanda nyuzi moja inabeba mvuke zaidi kama asilimia saba, na ghuba ndo hiyo. Jina Harvey limestaafishwa, halitatumika tena. Wananchi wa Harris County walipiga kura 25 Agosti 2018, mwaka mmoja kamili, wakakubali mkopo wa dola bilioni 2.5 wa kuzuia mafuriko. Nilifurahi. Mpaka leo mvua ikizidi saa mbili sipati usingizi.

Kwetu nako tulionja mwaka 2024. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani mwanzoni mwa mwezi wa tano, boti za Unguja zikasimamishwa, mama na majirani zake Tanga walikesha na redio, halafu Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimepungua nguvu, watu wakashukuru, nikaona kwenye magrupu afadhali, afadhali. Kesho yake barabara ya kusini imekatwa na maji huko Somanga, mabasi ya Lindi na Mtwara yamekwama huku na huku. Nilimpigia mama nikamweleza yote haya niliyoyaandika hapa, kwa mara ya kwanza, hata ile ya mlango na mataulo sikuwahi kumwambia. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

Juzi kapiga tena, msimu umeanza. Shikamoo, watoto, mama mkubwa hajambo? Halafu akauliza, "na hicho kimbunga chenu, kinatembea au kimesimama?"